Gari la uchunguzi wa matiti likija Kigoma: kazi ya anayejitolea, kama ninavyoifanya mimi fundi cherehani

Ukisikia timu ya uchunguzi wa matiti inakuja mtaani kwenu na unataka kusaidia, nunua daftari kwanza. Chukua kaunta buku lenye jalada gumu, maana utalitumia miezi mingi baada ya gari kuondoka.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma mjini. Sikusomea uuguzi. Mwaka wa kwanza nilipojitolea nilidhani kazi yangu ni kupanga viti, kugawa maji ya kunywa na kuwaita akina mama. Siku ikapangika vizuri. Uwanja wa shule ulijaa, wauguzi wakapapasa mpaka jioni, na wanawake watatu wakapewa barua za kwenda hospitali. Gari likaondoka, tukapiga makofi. Wiki kadhaa baadaye nikakutana sokoni na mmoja wa wale watatu, mama anayeuza mawese. Nikamwuliza, "Dada, hospitali walisemaje?" Akainamisha macho, akajibu, "Ile karatasi ninayo. Nimeilalia, iko chini ya godoro." Hakuwa na nauli yake na ya msindikizaji, mumewe alikuwa ziwani, na tangu siku ile hakuna mtu aliyemwuliza kitu. Mimi mwenyewe sikuwa nimeandika jina la hata mmoja wao. Wale wawili wengine sikuwapata tena, na bado nawawaza.

Mama wa mawese tulimchangia nauli wiki ileile. Akapimwa, uvimbe wake haukuwa kansa. Alikuwa ameilalia hofu bure muda wote ule.

Ndiyo sababu naanza na daftari. Timu inakaa kwenu siku moja, ikizidi mbili, kisha inahamia kijiji kingine. Kuitoa ile barua chini ya godoro na kuifikisha mezani kwa daktari ni kazi ya mwenyeji.

Kabla gari halijafika

Pita kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji, halafu uende zahanati kwa mganga mfawidhi. Kibali cha halmashauri timu huwa nacho, lakini mganga mfawidhi ndiye atakayewapokea wagonjwa gari likishaondoka, na asiposhirikishwa mapema atakuwa mgeni wa jambo lililofanyika mlangoni kwake. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii naye mshike karibu, maana anajua kila nyumba na nani anaishi ndani yake.

Kuchagua siku kunataka mwenyeji kabisa. Mwambao wetu unakwenda na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu. Giza la mwezi likiingia, Kibirizi na Katonga humpati mwanamke mwenye nafasi: alfajiri anapokea dagaa, mchana anaanika na kugeuza, jioni anakusanya. Ukiita watu siku hizo utawapata wale wasio na shughuli, na yule uliyemkusudia atakuwa juani na dagaa wake. Iombe timu ije mwezi ukiwa mpevu, maboti yakiwa yamepumzika. Mtu anayepanga ratiba akiwa mbali hawezi kulijua hili, kwa hiyo mwambie mapema na umweleze sababu.

Ujiji epuka Ijumaa. Milimani, upande wa Kasulu na Buhigwe, angalia siku ya gulio na msimu wa kupanda. Mwamgongo hufikiwa kwa boti, kwa hiyo huko gari letu ni boti, na kila kitu kifungwe ndani ya turubai kabla ya kupakiwa Kibirizi.

Tangazo lisomwe msikitini na kanisani, ndipo lisikike pia kwenye spika. Maneno yake yapime. Mwaka mmoja tuliandika "uchunguzi wa maziwa", kwa kuwa kuna wazee wanaoliita titi ziwa na tuliona ndiyo lugha ya heshima. Wakaja wanyonyeshaji wengi, wakidhani tunapima maziwa ya watoto. Bibi zao, ambao ndio tuliowataka zaidi, walibaki nyumbani. Tangu hapo tunasema titi bila kuzunguka, na tunasema saratani na kansa yote mawili, kwa kuwa kuna anayelijua moja tu.

Kwa nini bibi? Kwa sababu hatari ya ugonjwa huu inapanda na umri, lakini bibi zetu wanaamini matiti yaliyokwisha kunyonyesha yamemaliza kazi na hayaugui. Huko Mumbai, India, wanawake zaidi ya 150,000 walifuatiliwa kwa miaka 20. Nusu yao matiti yao yalipapaswa mara kwa mara na wahudumu wa afya wa kawaida waliofundishwa. Matokeo yalitoka mwaka 2021: kwa waliokuwa na miaka 50 na kuendelea, vifo vya kansa ya titi vilipungua kwa karibu asilimia 30. Hapakuwa na mashine, ni mikono iliyofundishwa. Nikienda kumshawishi bibi namwambia hivyo hivyo: "Shikamoo bibi, hatukuletei mashine, tunakuletea mkono wa nesi."

Titi la kufundishia, na jinsi ya kulishona

Matiti ya mfano niliyoyaona mwanzoni yalikuwa ya mpira, rangi ya waridi. Akina mama waliyashika kwa ncha za vidole na kuyarudisha upesi, kama kitu cha watu wengine. Nikarudi nyumbani nikashona yangu. Hata kama wewe si fundi, utaweza kwa sindano ya mkono.

Tafuta kitambaa cha jezi kinachovutika, cha kahawia, kilicho karibu na ngozi zetu. Kata duara la sentimita 30 kwa mbele na la sentimita 18 kwa nyuma. Duara kubwa lipitishie uzi ukingoni, uvute lijikunje mpaka lilingane na lile dogo, kisha ushone ukiacha nafasi ya kuingiza mkono. Upande mmoja ongeza mkia wa kitambaa unaopanda kuelekea kwapani, kwa kuwa titi haliishii pale sidiria inapoishia, nalo eneo la juu upande wa kwapa ndiko uvimbe unakopatikana mara nyingi zaidi. Jaza vipande vidogo vya sponji ya godoro, na katikati tia kifuko cha mchele mkavu. Mchele usiuache: titi la kweli lina vinundunundu vyake vya asili, na mwanamke asipolijua hilo atashtuka kila siku au, baya zaidi, ataacha kabisa kujigusa.

Uvimbe wenyewe ninautengeneza kwa kokwa ya mchikichi. Chagua ndogo. Mimi huipima kwa tepu yangu ya kazi isizidi sentimita 2, kwa kuwa uvimbe usiozidi hapo madaktari huuweka katika daraja la kwanza la ukubwa. Izungushie kitambaa, ishikize kwa nyuzi tatu kwenye lile duara la nyuma isisogee, ndipo ufunge. Mpe mwanamke wa Kigoma titi lile, mwache atafute. Akiigusa ile kokwa utamwona usoni. Kokwa anaijua, ameisukuma kwa mguu tangu utotoni, na sasa anajua ukubwa wa kitu anachotakiwa kukikimbilia kingali kidogo.

Titi jingine lishone bila uvimbe. Hapo chukua kifungo kilichovikwa kitambaa kiwe chuchu, kivute kwa uzi kutoka ndani kibonyee. Pembeni yake shona vishimo vidogo vidogo vilivyokaribiana, ngozi ionekane kama ganda la chungwa. Wengi wanadhani dalili ni uvimbe tu. Chuchu iliyoanza kuingia ndani wakati zamani haikuwa hivyo, ngozi iliyobonyea au kuwa nene, damu kutoka kwenye chuchu, upele usiopona pale kwenye chuchu, titi moja kubadilika umbo, kinundu cha kwapani: vyote hivyo ni vya kupeleka kwa nesi. Na mara nyingi haviumi. "Hauumi, kwa hiyo si kitu" ndiyo sentensi iliyoniumiza zaidi katika kazi hii, maana nimeisikia kutoka kwa wanawake waliochelewa.

Kuna kosa nililolifanya kwa nia njema. Nilishona titi lenye uvimbe unaotembea na lenye uvimbe uliokwama, nikawa naeleza kwamba unaotembea mara nyingi si kansa. Nikaja kugundua akina mama wanakwenda nyumbani kujipima na kujihukumu wenyewe: wangu unatembea, basi nimepona. Nikalifumua lile la uvimbe unaotembea. Kwa kugusa peke yake hakuna anayejua, hata daktari hutaka picha ya ultrasaundi au mamografia, yaani eksirei ya titi, na mara nyingi kinyama kichukuliwe kikapimwe maabara. Sasa ninachofundisha ni kifupi: kila kipya kionwe.

Usiwaahidi pia kwamba kujipapasa kila mwezi kutawaokoa. Utafiti mkubwa ulifanyika Shanghai, China, kwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo zaidi ya 260,000, na waliofundishwa kujipima hawakufa kidogo kuliko wasiofundishwa. Mimi bado nafundisha, lakini kwa jina lake halisi, yaani kulijua titi lako likoje ukiwa mzima, ili likibadilika ulistukie na uende. Tumia nyama ya vidole vitatu vya kati, si ncha, bonyeza kidogo kidogo mpaka uguse mbavu, na usisahau kwapa. Anayepata hedhi afanye siku 7 hadi 10 tangu ilipoanza. Aliyekoma achague tarehe yake. Bibi mmoja wa Ujiji hufanya kila mwezi mwandamo, na hajawahi kusahau.

Maneno utakayoulizwa

Utaulizwa kama kuweka hela au simu kwenye sidiria kunaleta kansa. Hapana, hata sidiria yenyewe hailetei mtu kansa. Utaulizwa kama ni kurogwa. Usimcheke wala usibishane. Mwambie, "Mama, kwa lolote unaloamini, uvimbe wenyewe uonwe na nesi kwanza." Kwa waganga wa kienyeji nakwenda mwenyewe kabla ya timu kuja, nawasalimu, nawaonyesha titi la kokwa, nawaomba wakiletewa uvimbe wausukume zahanati. Kuna waliofanya hivyo.

Utaulizwa kama kisu au sindano ya kuchukua kinyama inasambaza ugonjwa. Swali hili limewarudisha nyumbani wanawake wengi, kwa hiyo lijibu kwa utulivu: sindano haisambazi, kinachosambaza ni muda unaopita bila tiba. Na mnyonyeshaji mwenye kinundu, usimwachie jibu la kwamba ni maziwa yameganda. Mara nyingi ndivyo ilivyo, lakini kisipoondoka aonwe.

Zungumza na wanaume kwenye mwalo, palepale wanapotengeneza nyavu. Nauli ya hospitali mara nyingi inatoka mfukoni mwao. Waambie pia kwamba wanaume wenyewe huugua, karibu 1 katika kila wagonjwa 100. Wakisikia hivyo wananyamaza na kusikiliza.

Na kila mara waambie vinundu vingi vya matiti si kansa. Neno hilo ndilo linalompa mwoga miguu ya kwenda.

Siku yenyewe

Faragha ndiyo kazi yako kubwa. Darasa lenye madirisha yasiyo na vioo halifai mpaka uyazibe. Mimi hubeba kanga nane, misumari na vibanio vya nguo. Mlango mmoja wa kuingilia na mwingine wa kutokea, aliyepewa barua asipite mbele ya foleni na macho yote yakimsoma. Kama mwenye kupapasa ni mwanamume, mwulize mama kabla hajaingia kama yuko radhi, na awepo mwanamke ndani. Kwa wanaozungumza Kiha peke yake tafuta mkalimani mwanamke wa makamo. Usimtumie mwanawe, wala mkwewe. Hakuna bibi atakayesema habari ya titi lake kupitia kinywa cha kijana wake.

Mengine, viti, maji, foleni, utayaona mwenyewe.

Daftari

Aliyepewa barua usimwache atoke peke yake. Keti naye pembeni, usiharakishe, mwombe ruhusa ya kumwandika. Akikataa, mheshimu, mpe namba yako. Akikubali, andika jina, simu yake na simu ya mtu wa pili anayemwamini, na umwulize wazi: mtu huyu anajua? Wapo wanaotaka dada yao ajue na mume asijue kwanza. Piga picha barua yake kwa simu yake mwenyewe, maana karatasi huloa, hupotea, hulaliwa.

Daftari langu nalifungia kwenye droo ya cherehani na ufunguo nauvaa. Mtaani kwetu jina la mtu likihusishwa na kansa kabla hajapimwa, wanunuzi wa dagaa wake wanapungua. Ukishindwa kutunza siri, kazi hii iache.

Katika kila ukurasa naandika tarehe ya barua, halafu nahesabu siku 60 mbele, naizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka 2021 dhidi ya kansa ya titi, limeweka kwamba tangu mtu anapofika kwenye huduma na dalili mpaka ajue ugonjwa wake zisizidi siku 60. Nilipolisikia hilo kwa nesi mmoja nililipenda, kwa sababu linampa mtu kama mimi kitu cha kuhesabu. Siku ya 3 napiga simu. Siku ya 14 naenda nyumbani kwake kwa miguu, nikiwa nimebeba nguo ya kupima, ili jirani aone fundi amekuja kwa mteja. Ikifika siku ya 40 na hajaenda, nawaita wenzangu tukae.

Kikwazo karibu kila mara ni safari. Kutoka vijijini mgonjwa hupitia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni. Kansa ikithibitika, matibabu makubwa humpeleka Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Kwenda Mwanza ni siku nzima ya basi kupitia Kasulu, Kibondo na Nyakanazi. Dar ni treni ya kupitia Tabora au basi, na ni mbali zaidi. Kaa naye mfanye hesabu yote mapema: nauli ya watu wawili, pa kulala, chakula, na nani atabaki na watoto na biashara. Aanze na mfuko wa jamii wa kikoba chake, ndipo ndugu. Akifika hospitali na hela hazitoshi, aulizie ofisi ya ustawi wa jamii kabla ya kukata tamaa na kurudi. Wengi hawajui kama ofisi hiyo ipo. Abebe kitambulisho, kadi ya bima kama anayo, barua, na majibu yote ya nyuma katika bahasha moja. Bahasha hiyo mimi humshonea mfuko wa kitenge wenye zipu, wa kuvaa begani.

Utapigiwa simu usiku. Utaulizwa, "Watanikata ziwa?" Usijifanye daktari. Mwambie unachokijua: wengine hutolewa uvimbe peke yake, wengine titi lote, wengine huanza na dripu za dawa, wengine huongezewa mionzi, na anayewahi ana nafasi ya tiba nyepesi zaidi. Kisha nyamaza, umwache alie. Nimekaa kimya kwenye simu mpaka salio likaisha, na asubuhi mtu akapanda basi.

Mwenzetu mmoja wa Kibirizi, muanika dagaa, ukurasa wake una duara nyekundu na alama ya tiki siku ya 33. Alitolewa titi la kushoto Mwanza, akapigwa dripu, nywele zikatoka, nikamshonea vilemba vitatu. Aliporudi kazini alikuwa akijifunga kanga mbili kifuani hata jua kali likiwaka, na akiinama kwenye chanja anajikinga kwa mkono.

Nikatoa kielelezo kilekile cha titi la kufundishia. Safari hii sikutia kokwa. Kama una mwenzio wa namna hiyo, subiri kwanza kidonda kipone na nesi aseme ndiyo. Kwa miezi ya mwanzo jaza pamba tupu, iwe nyepesi. Baadaye mpime kwa tepu titi lililobaki, kata kitambaa laini cha pamba kwa vipimo hivyo, ushone mfuko ndani ya sidiria yake wa kulishika lisiteleze akiinama. Uzito ndio wenye kazi, kwani likiwa jepesi sidiria inapanda upande mmoja na bega linavutwa. Jaza mtama, umvalishe, mwache atembee, ainame, anyanyue beseni. Ongeza kidogo, punguza kidogo, mpaka aseme mwenyewe kwamba mabega yamelingana. Acha mdomo wa mfuko ufungwe kwa kifungo, kwa kuwa mtama humwagwa kabla ya kufua, ukaanikwa, ukarudishwa.